Valvu Iliyojibu

Gichuki, yule fundi wa redio aliyekuwa na kibanda nyuma ya kinu cha posho mjini Kitale, hakuwa mtu wa kuogopaogopa. Baba yake alihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri zamani, akalima mahindi hadi akazeeka, na alimlea mwanawe akiamini kwamba kila mlio una chanzo chake na chanzo hutafutwa kwa mkono. Ukimletea Gichuki redio inayokoroma, hakukuuliza ilianguka lini wala nani aliichezea. Aliifungua, akaifuata ile sauti waya kwa waya, mpaka akaikuta imejificha mahali.

Mwaka wa 2005 alikuwa ameanza kazi ya pili. Chumba cha nyuma alikibandika trei za mayai ukutani na darini, akatundika mablanketi mlangoni, akanunua kompyuta ya mitumba, akawa anarekodi kwaya. Shida ilikuwa moja. Sauti za waimbaji zilitoka nyembamba, kama zimepita kwenye bati. Katika kitabu kikuukuu cha mafundi alisoma kwamba dawa yake ni kikuza sauti cha valvu, zile chupa ndogo za glasi zilizokuwa zikiwaka ndani ya redio za wazee kabla transista hazijaja. Sauti ya maikrofoni ni ndogo mno, ni kama mnong'ono. Valvu huichukua ikaipa mwili. Basi akatangaza kanisani kwamba anatafuta redio za mbao zilizokufa, azitoe valvu.

Alikuwa na haraka. Kwaya moja ya Tongaren, chini ya kiongozi wake Absalom, ilikuwa imepanga kuja kurekodi wiki ya pili ya Machi, kabla mvua haijashuka na watu hawajaingia mashambani kupanda.

Siku chache baada ya tangazo lile, mama mmoja aliingia kibandani asubuhi, jua likiwa limeshachomoza vizuri. Alikuwa amefunga redio ya mbao mgongoni kwa leso, kama mtu aliyebeba mtoto. Alisema anaitwa Sellah, anatoka Bumula, na redio ilikuwa ya mume wake. Gichuki alipotaka kumlipa alikataa, hata nauli hakutaka. Aliuliza neno moja tu, kama ni kweli Absalom wa Tongaren atakuja kuimba hapo. Gichuki akamwambia ni kweli.

Watu husema redio fulani inaongea vizuri. Sellah aliweka kiganja chake juu ya ile mbao, akasema polepole, "Hii inasikia vizuri."

Gichuki aliijenga mashine yake kwa siku tisa. Alikata sanduku la bati, akatoboa matundu, akafunga transfoma upande mmoja ili iwe mbali na maikrofoni. Ndani ya redio ya Sellah alitoa valvu tatu nzima. Mbili alizipa kazi ya sauti na moja ya kunyoosha umeme. Alilehemu kwa uangalifu, mkono mmoja mfukoni kila alipopima, maana humo ndani mlikuwa na volti mia mbili na hamsini, na volti hizo hazina huruma.

Alipoiwasha mara ya kwanza, hedifoni zilimjaza mvumo masikioni. Ulikuwa mvumo mnene, kama wa nyuki ndani ya mzinga. Hakushangaa. Mashine mpya lazima ivume. Akakuta kapasita moja kubwa imekauka, akabadilisha. Mvumo ukapungua. Akachukua zile nyaya zinazopasha valvu moto akazisokota pamoja kama nywele. Ukapungua tena. Mwishowe akakusanya nyaya zote za athi, zile za kwenda ardhini, zilizokuwa zimetawanyika, akazifunga mahali pamoja.

Mvumo ukakatika. Na hapo ndipo alipogundua kwamba ulikuwa umefunika kitu.

Ilikuwa saa saba mchana. Kinu cha posho kilikuwa kimezimwa kwa chakula cha mchana, na hiyo ndiyo saa yake ya kurekodi. Ndani ya hedifoni alisikia tone la maji. Likatua. Kimya. Jingine likatua. Akadhani ni kapasita inavuja umeme, maana nayo hulia hivyo. Akabadilisha. Matone yakaendelea. Akaweka mdomo kwenye maikrofoni akahesabu moja, mbili, tatu, akajirekodi. Aliposikiliza, sauti yake ilikuwa na mwangwi mrefu, wa mtu anayesemea shimoni. Akatazama ukutani. Trei za mayai zilikuwa palepale, mablanketi palepale. Chumba kile hakikuwa na mwangwi hata wa kupiga makofi.

Valvu nyingine ikizeeka huwa na ugonjwa. Ukiigonga kidogo, inalia kama kengele katika hedifoni. Dawa ni kuigundua na kuibadilisha. Gichuki alichomoa maikrofoni kabisa, akaiweka mezani, akachukua penseli. Aligonga valvu ya umeme. Kimya. Aligonga ya pili ya sauti. Ikalia kidogo, ikanyamaza. Aligonga ya kwanza, ile ya karibu na tundu la maikrofoni, mara mbili.

Ndani ya hedifoni, kutoka mbali, kitu kikagonga mara mbili.

Penseli ilikuwa hewani. Alihakikisha. Akagonga mara tatu.

Kikagonga mara tatu. Jiwe juu ya jiwe.

Kisha mwanamume akavuta pumzi, karibu sana, na kusema, "Sellah. Mwambie ateremshe kamba."

Gichuki alizima umeme akatoka nje akasimama juani. Boda boda walikuwa wamekaa juu ya baiskeli zao wakisubiri abiria. Muuza ndizi alimsalimia, naye akaitika. Baadaye alimwambia mke wake kwamba kilichomtisha zaidi ni jinsi dunia ilivyokuwa imetulia.

Kesho yake alikwenda Bumula. Alimkuta Sellah uani, anaanika maharagwe juu ya gunia. Mama yule hakuuliza kilichomleta. Alimwekea kiti kivulini, akaendelea kutandaza maharagwe kwa mkono huku akimweleza.

Mume wake aliitwa Eliakim. Alikuwa karani, ana nyumba yenye umeme hapo sokoni, na pia alikuwa na shamba kule Tongaren ambalo mdogo wake, Absalom, alililima kama lake. Mwaka wa 1994, wakati wa kiangazi, ndugu hao wawili walichimba kisima katika shamba hilo. Eliakim ndiye aliyeshuka chini. Absalom alikaa juu, akishika kamba. Jumatano moja, kazi ikiendelea, Sellah alikuwa hapa nyumbani, anasikiliza redio, sauti ya mume wake ikaingia katikati ya matangazo. Anaitisha kamba. Mwanzo alidhani ni mchezo wa redio. Akazungusha kitufe, akaipata stesheni nyingine, sauti ikamfuata.

"Siku mbili, fundi," Sellah alisema. "Ameniita siku mbili. Kwanza anaita Absalom, halafu anaita mimi, halafu anaitisha maji tu. Nimeenda mpaka Tongaren kwa miguu yangu. Nimekuta shimo limeshafukiwa na mtu anapiga jembe juu yake."

Absalom aliwaambia watu kwamba kisima kilikosa maji, wakakifukia, na kaka yake akavuka kwenda Uganda kutafuta kazi. Shamba likabaki mkononi mwake. Sellah alikwenda kwa wazee wa ukoo, wakasema upweke umemharibu akili. Alikwenda kwa wakubwa, wakamuuliza kama ana ushahidi mwingine zaidi ya redio. Akarudi nyumbani, akaizima. Miaka kumi na moja aliifuta vumbi kila Jumapili, na hakuiwasha hata siku moja.

Gichuki alimuuliza anataka afanye nini. Sellah akainua uso kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Usifanye kitu. Mwache aimbe mara moja tu. Hiyo mashine yako iwe imewaka."

Nyaruai, mke wa Gichuki, aliposikia habari hiyo hakumcheka. Alikoroga uji, kisha akamshauri aing'oe ile valvu akaizike, atafute nyingine. "Baba Wanyoike," alimwambia, "kisasi cha mwenyewe si kazi ya fundi. Ukishika upande mmoja wa kamba hujui upande ule mwingine umeshikwa na nani." Gichuki akakubali. Alikuwa na valvu nyingine ya namna ileile, ameipata kwa redio ya kanisa. Aliifunga katika kitambaa akaiweka mezani karibu na mashine, tayari kwa siku ya kwaya.

Kwaya ikaja Jumanne. Walikuwa watu kumi na wawili, wamevaa vizuri kama wanaokwenda harusini, na Absalom mbele yao. Alikuwa mtu wa heshima, mnene kiasi, mpole wa maneno. Kabla kinu hakijazimwa walisali, wakajaribu sauti, wakanywa soda. Saa saba kasoro Gichuki aliinama nyuma ya mashine. Mkono wake ulikuwa umeishika ile valvu ya Eliakim, anaitikisa polepole ili aitoe. Bado kidogo tu itoke. Na hapo, bila kupanga, akauliza.

"Mzee Absalom, una ndugu?"

"Nilikuwa na mmoja," Absalom akajibu, anarekebisha hedifoni kichwani. "Alienda Uganda, akapotelea huko. Ni kunywa, bana. Alikuwa mtu wa pombe tu. Tumemsamehe."

Gichuki alibaki ameinama. Alisema baadaye kwamba angesikia uongo wa kawaida angeendelea na kazi yake. Neno lililomshinda ni lile la kusamehe. Aliisukuma valvu ikarudi mahali pake hadi miguu yake yote ikakaa. Akawasha. Akasubiri ipate moto.

Kinu kikanyamaza. Waimbaji wengine walikaa nje barazani. Nasike, mama mmoja wa sauti ya pili, ndiye aliyebaki mlangoni, na mengi ya yaliyofuata tunayajua kwake. Absalom akafumba macho, akaanza ubeti wake. Ulikuwa wimbo wa shukrani alioutunga mwenyewe, kwamba Bwana alimkuta chini akamvuta juu. Sauti yake ilitoka nene na tamu. Haikuwa imewahi kusikika vile.

Alifika neno la kuvutwa. Akakatiza.

Akafumbua macho akamtazama Gichuki. Akaimba tena mstari uleule, taratibu, kama mtu anayejaribu kama daraja litamchukua. Akakatiza tena.

"Kuna mtu kwa hii laini," alisema.

Gichuki alisikiliza. Katika hedifoni zake yeye hamkuwa na kitu isipokuwa tone la maji. Lakini uso wa Absalom ulikuwa umeanza kusawijika kwa hofu. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno ambayo mwingine alikuwa anayasema.

"Zima," akanong'ona.

Gichuki akazima. Vile vimwanga vyekundu ndani ya glasi vikafifia, vikafa. Akachomoa na waya ukutani. Absalom akavua hedifoni akaziweka mezani kwa adabu, kama kikombe cha watu. Akangoja. Jasho lilimtoka.

"Nimesema uzime."

"Imezimwa, mzee."

Absalom alitazama ule waya uliokuwa sakafuni. Kisha akatazama chini ya miguu yake, akasogea hatua moja pembeni, kama mtu aliyegundua kwamba amesimama juu ya kitu.

Kwaya ikarudi Tongaren bila kurekodi. Yale ya siku nne zilizofuata aliyasimulia Nasike, ambaye shamba lao linapakana na la Absalom. Alisema Jumatano alimwona amejaza pamba masikioni. Alhamisi alikuwa anajibu. Wakikaa mezani anajibu, akiwa chooni anajibu, kwa sauti ya chini, ya mtu anayemwomba mkubwa wake subira. Hakunywa maji. Kila alipopewa kikombe alisema yule mwingine hajapewa. Ijumaa alikwenda dukani akanunua kamba ya katani, mpya, futi hamsini.

Jumamosi saa saba mchana, jua likiwa utosini, alitoka nyumbani na ile kamba begani. Shamba lilikuwa limelimwa, linangoja mvua, udongo mwekundu mtupu. Nasike alikuwa kwenye mpaka anakusanya kuni. Alimwona Absalom amesimama katikati, anapima hatua, anapiga magoti. Alimwona anakunjua ile kamba, anateremsha ncha yake ardhini.

Kamba ikaingia.

Hakukuwa na shimo. Iliingia kwenye udongo kama inavyoingia kwenye maji, na Absalom aliiachia kidogo kidogo kati ya viganja vyake.

"Nimeleta," alisema. Nasike alilisikia neno hilo vizuri.

Kamba ikavutwa mara moja. Nasike alifumba macho. Alipoyafumbua hapakuwa na mtu.

Watu walikuja mbio. Walikuta kipande cha kamba kimebaki juu, kimekazika, kinatetemeka kama waya wa stima wakati wa upepo. Wanaume watano walikishika wakavuta. Walivuta mpaka visigino vikachimba mifereji. Halafu kikavuta chenyewe. Mmoja wao akakikata kwa panga kwa hofu, na ile ncha ikateleza ndani bila haraka. Udongo haukuacha hata alama.

Walichimba siku tatu, askari wakisimamia. Futi ishirini, udongo mgumu. Futi thelathini, udongo mgumu, haujaguswa tangu uliposhindiliwa. Kwenye futi arobaini walipata mifupa ya mtu imekaa, magoti kifuani, jiwe mkononi. Walipoiinua, jembe likagonga kitu laini.

Absalom alikuwa chini yake. Aliyekufa wiki ile alikuwa chini ya aliyekufa miaka kumi na moja.

Sasa, Jumamosi ile ile, saa saba ile ile, Gichuki alikuwa Kitale kibandani kwake, ameketi kwenye kiti chake cha kazi, anafungua skrubu za pasi ya mteja. Viganja vyake viliungua ghafla. Aliruka, akadhani ameshika chombo cha kulehemu. Kilikuwa baridi, hakikuwa kimewashwa tangu asubuhi. Akageuza mikono. Ngozi ilikuwa imechubuka mstari mmoja kila kiganja, toka kidole cha shahada hadi chini ya kidole cha mwisho, na damu inachuruzika. Alikaa akaitazama. Hakujua chochote kuhusu Tongaren hadi Jumapili jioni, simu ilipopigwa kutoka huko.

Mifupa ya Eliakim ilizikwa Bumula, nyuma ya nyumba. Gichuki alihudhuria pamoja na Nyaruai, mikono imefungwa bendeji. Alikaa nyuma. Hakutaka kuonekana. Mazishi yalipokwisha, Sellah alipita katikati ya watu moja kwa moja hadi alipokuwa. Mikono yake alikuwa ameificha ndani ya leso. Alimtazama kwa muda, kisha akaitoa, akaifungua viganja juu. Mstari ulikuwa hapo. Mmoja kila kiganja.

"Alikuwa mzito," alisema. "Nisingeweza peke yangu."

Akaenda kuwapa wageni chai.

Gichuki na Nyaruai walirudi Kitale jioni hiyo. Asubuhi iliyofuata Nyaruai alimketisha mlangoni, kwenye mwanga, akamfungua bendeji ili amsafishe. Katika kidonda cha mkono wa kulia aliona kitu cheupe kimejitokeza, kama uzi wa katani. Akachukua sindano, akaushika kwa kucha, akauvuta. Ukaja. Akavuta tena, ukaja. Gichuki hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomfanya aanze kulia. Nyaruai alivuta polepole, uzi ukaendelea kuja, una unyevu, una udongo mwekundu. Ulipofika urefu wa mkono wake alinyoosha mkono akachukua wembe, akaukata.

Ule uliobaki ulirudi ndani.